Uzi: Tunaogopa sindano ya mtu baki, ya mpenzi hatuihesabu

Wa_Pili · Jumapili, saa 2:15 usiku

Wakuu, nawasalimu nyote. Niliacha kujidunga dawa za kulevya miaka tisa iliyopita, na sasa ni mwelimishaji rika: nakaa na wanaotumia, nawasikiliza, nawasindikiza kupima. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya jibu moja ninalopewa karibu kila siku.

Nauliza: "Unachangia sindano na mtu?" Naambiwa: "Hapana, sichangii na mtu yeyote." Nanyamaza kidogo, halafu nauliza tena: "Na mwenzako wa nyumbani je?" Hapo mtu ananitazama kama nimemtukana. "Ah, huyo si mtu. Huyo ni mume wangu."

Nalijua jibu hilo kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe kwa miaka. Hata jina ninalotumia hapa limetoka huko. Tulikuwa na kijiko kimoja, kipande kimoja cha pamba, kikombe kimoja cha maji na bomba moja la sindano. Yeye ndiye aliyeleta mzigo na ndiye aliyejua kutafuta mshipa, kwa hiyo alianza yeye. Akimaliza alisuuza bomba kwenye kile kikombe, maji yakageuka rangi ya waridi kwa mbali, kisha akavuta dawa yangu kwenye pamba ileile. Mimi nilikuwa wa pili siku zote. Niliyaona yale maji yakibadilika rangi kila siku, na wazo la damu ya mtu mwingine halikunijia hata mara moja. Ilikuwa damu yake. Kondomu nayo hatukuwahi kuitumia, maana tungeivaa ya nini, na sisi ni wawili tu?

Kumbe hatukuwa wawili. Kabla yangu alishajidunga na wengine, na hao walikuwa na wengine wao. Mimi naye, kuna usiku arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ilinikaba nikalala na mtu kwa kete moja ya dawa. Sikumwambia. Naamini naye ana ya kwake ambayo hakuniambia.

Wanawake wenzangu mnaosoma, hili la kuwa wa pili liangalieni vizuri. Wengi wetu tunadungwa na wapenzi wetu, na anayedungwa hachagui bomba wala maji. Anaponyoosha mkono, kila kitu kimeshatumika.

Sasa niseme maambukizi yanakaa wapi hasa, maana elimu nyingi iliishia kwenye neno "sindano". Damu haikai kwenye ncha tu. Inabaki ndani ya bomba, inaingia kwenye maji ya kusuuzia, inashika kwenye pamba, inabaki kwenye kijiko. Maabara zimeonyesha kirusi cha homa ya ini C kikiwa bado hai ndani ya bomba lenye mabaki ya damu hadi siku 63. VVU navyo, kukiwa na baridi, vimekutwa hai kwenye bomba hadi wiki sita. Kwa hiyo mtu anayesema "nimetumia sindano yangu mpya" lakini akavuta dawa kwenye kijiko na pamba ya wote, homa ya ini C bado inaweza kumpata. Anayenusa kwa mrija naye asijione yuko salama: ngozi ya ndani ya pua huchanika, mrija hubeba damu ambayo hata haionekani, na mwenzake anaupokea.

Upande wa kitandani ndio unaosahaulika zaidi. Dawa za kuchangamsha, kama kokeini na ile ya vipande vya kristali (methamfetamini), zinaondoa usingizi na haya, na ngono inakwenda masaa. Mdomo unakauka, sehemu za siri zinakauka, ngozi inachubuka bila mtu kusikia maumivu kwa sababu dawa imeyazima. Kondomu iliyovaliwa muda wote huo inakauka na kupasuka. Mkiwa kwenye hali hiyo badilisheni kondomu kila baada ya muda, na kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya kujipaka huidhoofisha kondomu ya mpira.

Heroini ina hila yake. Inapunguza hamu, na kwa wanawake wengi hedhi inasimama. Mimi hedhi ilikata karibu miaka miwili, nikajiambia basi sina kizazi tena. Nilipoanza methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, mwili ukaanza kurudi kimyakimya, na yai linaweza kutoka kabla hujaiona hata hedhi ya kwanza. Hivyo ndivyo nilivyopata ujauzito bila kutarajia.

Kliniki ya wajawazito wakanipima damu, ikaonekana nina kaswende. Nilikumbuka kidonda nilichowahi kuwa nacho. Hakikuuma hata kidogo, kikapona chenyewe baada ya wiki kadhaa, nikasema kimekwisha. Kaswende ndivyo ilivyo: kidonda kinafunga, ugonjwa unabaki ndani, na kwa mjamzito unaweza kuua mtoto tumboni. Nilichomwa penisilini mapema. Mwanangu yuko darasa la pili sasa. Katika vipimo hivyohivyo wakaniambia nina homa ya ini C. VVU sikuwa navyo, na sina maelezo ya kwa nini sikuvipata.

Ulizeni chochote. Hapa hakuna swali la aibu.

---

MzaziMmoja · Jumapili, saa 3:02 usiku

Dada, nimesoma mpaka mwisho na machozi yananitoka. Kijana wangu anatumia, miaka 24. Wiki iliyopita nilikuta kwenye begi lake sindano mpya zikiwa kwenye vifungashio vyake, na kondomu. Nilitupa vyote nikamsema sana. Nilifanya kosa?

---

Wa_Pili · Jumapili, saa 3:20 usiku

Mzazi wangu, pole. Ulichofanya kimetoka kwenye uchungu, sikulaumu. Lakini ungekuta bomba moja kuukuu lililofutika hata namba zake, hapo ndipo ungekuwa na hofu kubwa zaidi. Sindano mpya na kondomu maana yake kijana wako kuna mahali alipokwenda, akazungumza na mtu, akaondoka na kinga. Bado anautaka uhai wake. Kesho akikosa sindano hatakosa dawa. Atatumia bomba la mwenzake.

Kama unaweza, mwambie maneno haya tu: "Vile vitu nilivitupa kwa hofu. Kavichukue tena." Usiongeze mahubiri siku hiyo. Na muulize kwa upole kama ameshachanjwa homa ya ini B. Hiyo chanjo ipo, kwa kawaida dozi tatu ndani ya miezi sita, na homa ya ini B huambukizwa kwa ngono na kwa damu pia. Kirusi chake kinakaa hai nje ya mwili angalau siku saba.

---

Msema_Wazi · Jumapili, saa 3:41 usiku

Samahani mleta uzi, mimi nasema ninachokiona. Mnawapa sindano, mnawapa kondomu, mnawafundisha kubadilisha kijiko. Mtu wa namna hiyo ataacha lini? Mimi naona mnawarahisishia.

---

Tabibu_Zamu · Jumapili, saa 4:10 usiku

Mkuu Msema_Wazi, swali lako ni la haki, watu wengi wanalo. Nikujibu kwa lililotokea.

Mwaka 2015, Kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, eneo dogo la vijijini, watu walikuwa wanasaga vidonge vikali vya maumivu na kujidunga. Sheria ya jimbo haikuruhusu mpango wa kugawa sindano. VVU vilipoingia vilipita kama moto kwenye nyasi kavu: zaidi ya watu 200 waliambukizwa, mahali ambapo miaka ya nyuma ungehesabu kesi mpya kwa vidole. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa tayari na homa ya ini C. Yaani ile homa ya ini ilikuwa inapiga kengele kuwa sindano zinazunguka, na hakuna aliyeisikia. Ilibidi gavana atangaze dharura ndipo sindano safi zikaruhusiwa.

Na wazo hili halikutoka kwa wataalamu waliokaa mezani. Amsterdam mwaka 1984, watumiaji wenyewe kupitia chama chao ndio walioanza kubadilishana sindano kuukuu kwa mpya, wakati huo wakihofia homa ya ini B.

Kuhusu kuacha: huduma hizo mara nyingi ndiyo sehemu pekee ya afya ambayo mtu anayejidunga anaingia kwa miguu yake. Hapo ndipo anaposikia habari za methadoni. Na methadoni yenyewe, tafiti zilipojumlishwa zilionyesha inapunguza maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga kwa takriban nusu. Maiti haiachi dawa, mkuu.

---

Msema_Wazi · Jumapili, saa 4:26 usiku

Hilo la Indiana sikulijua. Nitaendelea kusoma.

---

Tabibu_Zamu · Jumapili, saa 4:33 usiku

Asante kwa kusikiliza. Naongeza jambo moja la ukubwa wa tatizo: Umoja wa Mataifa ulikadiria karibu watu milioni 14 duniani walijidunga dawa mwaka 2022. Karibu nusu yao wana homa ya ini C, na takriban mmoja kati ya wanane anaishi na VVU. Hao wana wake, waume na wapenzi, wengine hawajawahi kuigusa dawa. Ndiyo maana namuunga mkono dada Wa_Pili anapotoka kwenye sindano na kwenda kitandani.

---

Jirani_wa_Tatu · Jumapili, saa 4:50 usiku

Wa_Pili, hiyo homa ya ini C uliishi nayo vipi? Mimi niliambiwa ninayo mwaka juzi, nikajua ndiyo basi, nikaacha hata kwenda hospitali. Na je, nitakuwa nimemwambukiza mke wangu?

---

Wa_Pili · Jumapili, saa 5:08 usiku

Kaka yangu, nisikilize vizuri: homa ya ini C inapona. Haipoozwi, inapona kabisa. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, na waliofungua njia hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Leo ni vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona. Mimi nilisubiri mpaka nilipomaliza kunyonyesha, nikameza wiki 12. Nilikuwa nachoka kidogo mchana, basi.

Mambo mawili yalinichanganya, nayasema ili yasikuchanganye. Kwanza, kile kipimo cha haraka kinaangalia askari wa mwili na si kirusi chenyewe. Askari hao hubaki maisha yote. Mimi nikipimwa leo kipimo hicho kinasema "ndiyo" ingawa nimepona. Kwa hiyo omba kipimo cha pili kinachotafuta kirusi kwenye damu. Kuna watu mwili wao umeshakiondoa wenyewe, takriban mmoja kati ya wanne, na wanaishi na hofu ya bure. Pili, kupona hakukupi kinga. Ukirudi kwenye kijiko kilekile unaweza kuipata upya. Chanjo ya C haipo.

Kuhusu mke wako: kati ya mke na mume homa ya ini C huambukizwa kwa nadra kwa njia ya ngono. Hatari inapanda pale ngono inapokuwa na damu, ya njia ya nyuma hasa, au mmoja akiwa na VVU. Wembe na mswaki msichangie. Nenda naye apimwe, itawatoa wasiwasi wote wawili.

---

Kimya_Kimya · Jumatatu, saa 3:52 asubuhi

Sijawahi kuandika humu. Mimi sijidungi, natumia kristali wikiendi. Jumamosi saa 5 usiku hivi nilikuwa na mtu, kondomu ikapasuka, tukaendelea. Sikumuuliza hali yake na yeye hakuniuliza. Jana nililala kutwa. Nimeamka nimeukuta uzi huu. Sijui nianzie wapi, na naona aibu.

---

Wa_Pili · Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika. Acha kusoma, simama uvae. Kuna dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, zinaitwa PEP. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida. Umeshatumia saa 35. Mwisho wako ni kesho saa 5 usiku, lakini usiihesabu hiyo kesho. Nenda sasa hivi, hata kitengo cha dharura.

Ukifika mlangoni sema sentensi moja: "Nimekuwa kwenye hatari ya VVU Jumamosi usiku, nahitaji PEP." Si lazima uanze na habari za dawa unazotumia pale mapokezi mbele za watu. Ukishakuwa chumbani na mtoa huduma, mwambie unachotumia, kwa sababu dawa nyingine huingiliana.

Kuhusu aibu. Siku ya kwanza nilipokwenda kupima, muuguzi mmoja aliita kwa sauti kwenye foleni, "Yule teja aje." Watu wote waligeuka. Niliondoka, na ilinichukua miezi saba kurudi. Katika miezi hiyo ndipo kile kidonda kilipotokea na kupona chenyewe. Ningekuwa kwenye foleni ile siku ile, pengine ningeoneshwa mahali pa kurudi nikikiona. Ukikutana na mtu wa namna hiyo leo, usiondoke. Omba mwingine. Ukikwama andika hapa, nipo.

---

Tabibu_Zamu · Jumatatu, saa 4:21 asubuhi

Nakazia. Waambie wakupime leo hiihii VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kisonono na klamidia pia, hata kama husikii chochote, maana mara nyingi haya hayana dalili, na yanakaa kooni na njia ya nyuma vilevile. PEP yenyewe ni siku 28, bila kuruka. Kipimo cha leo kinaonyesha ulivyokuwa kabla ya Jumamosi. Cha Jumamosi kitajulikana baadaye, kwa kawaida unarudia baada ya wiki 6 na baada ya wiki 12.

Ukimaliza siku 28 na ukaona wikiendi za namna hii zitaendelea, uliza kuhusu PrEP, dawa ya kumeza kabla ya kuwa hatarini. Hata kwa wanaojidunga inasaidia. Utafiti uliofanyika Bangkok na kutolewa mwaka 2013 ulionyesha maambukizi yalipungua kwa karibu nusu, na waliomeza bila kuruka walilindwa zaidi. Ila PrEP inazuia VVU tu. Kaswende, kisonono na homa ya ini C haviijui.

---

Mama_Wawili · Jumatatu, saa 6:15 mchana

Mimi naishi na VVU, mume wangu hana. Nilikuwa najidunga zamani. Namwambia Kimya_Kimya kwamba hata majibu yakija tofauti na anavyoomba, maisha yapo. Nameza ARV kila siku, virusi havionekani kwenye kipimo, na mume wangu yuko salama kwa ngono miaka sita sasa. Hilo limethibitishwa kwa wapenzi wengi waliofuatiliwa: virusi vikiwa havionekani, kwa ngono huambukizi.

---

Wa_Pili · Jumatatu, saa 6:40 mchana

Dada, asante kwa kusema. Naongeza kwa wanaojidunga tu: uthibitisho huo ni wa ngono. Msiuhamishie kwenye sindano mkasema "mwenzangu virusi havionekani, tuchangie bomba". Na homa ya ini C haimo humo kabisa.

---

Kimya_Kimya · Jumatatu, saa 12:30 jioni

Nimerudi. Nimesubiri saa tatu. Aliyenihudumia alikuwa mama mtu mzima, hakushangaa hata kidogo. VVU sina kwa sasa, kaswende sina, vingine majibu ni Alhamisi. Amenichoma chanjo ya kwanza ya homa ya ini B. Kidonge cha kwanza nilikimeza palepale mbele yake, saa 9:10 alasiri.

Kuna jambo linanisumbua. Yule mtu niliyekuwa naye, na yeye saa zake zinakwenda.

---

Wa_Pili · Jumatatu, saa 12:44 jioni

Umenifurahisha moyo. Weka alamu ya simu saa 9:10 kila siku. Na siku za Ijumaa weka vidonge vya siku tatu mfukoni, kwa sababu ukitumia kristali usiku na mchana vinapotea, na hapo ndipo watu wanaruka dozi.

Kuhusu yeye, mtumie ujumbe mfupi. Usimshutumu, usimuulize hali yake. Mwambie: "Kondomu ilipasuka Jumamosi. Mimi nimekwenda leo nikapewa dawa ya kuzuia. Na wewe bado una muda mpaka kesho saa 5 usiku." Basi.

---

Kimya_Kimya · Jumatatu, saa 1:05 usiku

Nimetuma kama ulivyoandika. Amesoma, hajajibu.

---

Wa_Pili · Jumatatu, saa 1:09 usiku

Subiri. Mume wangu nilipomwambia ile ya kaswende alikaa siku nne bila kunisemesha. Ya tano alivaa viatu akaniuliza kliniki iko upande gani.

---

Kimya_Kimya · Jumatatu, saa 3:37 usiku

Amejibu. Anauliza kama huwa wanafunga usiku.